Subaru ya turbo ya kwenda nayo kazini kila siku Kampala: nguvu iwe kiasi gani na pesa ianzie wapi

Kama uko na Impreza WRX, Forester ya turbo, Legacy GT, ama hata Evo ya Mitsubishi au Golf GTI, na hiyo ndio gari unaendea kazini Jumatatu mpaka Ijumaa, unapelekea watoto shule, alafu wikendi unashuka nayo kijijini Masaka ama Mbale, basi haya ni yako. Kama yako inalala chini ya turubai na inatoka tu siku za mashindano Busiika, hesabu yako ni tofauti kabisa, hapa tunaongelea gari ambayo lazima iwake kesho asubuhi hata kama jana uliikanyaga.

Jambo lenyewe nalisema mapema. Kwa mazingira yetu nguvu ya gari ya turbo, yaani yenye ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukumia injini hewa zaidi, haipangwi na vipuri ulivyofunga, inapangwa na oili, petroli na joto. Hivyo vitatu vikikaa sawa, hata gari ya kiwanda ambayo haijaguswa inakuwa kali mpaka unajiuliza ulikuwa unataka kuongeza nini. Vikikaa vibaya, funga turbo ya bei yoyote unayotaka, injini itanoki tu, yaani itagonga mpaka ife, na injini hazinokigi ile wiki uko na pesa.

Nitaongea Subaru zaidi kwa sababu ndio turbo ya Kampala, hasa zile za EJ20, silinda nne zimelala, lita mbili. Wenye Evo na Golf chukueni yanayowahusu, mengi ni yale yale.

Kwanza jua umenunua nini

Sheria ya 2018 ilifungia nje magari yaliyopita miaka 15 tangu yatengenezwe, kwa hivyo Impreza za 2000 mpaka 2007 ambazo ndio zimejaa mjini haziingii tena kutoka Japan, ziko hapa hapa zinazunguka mikononi mwa watu. Ukinunua moja leo wewe ni mwenye wa tatu ama wa nne, na kila aliyekutangulia alikuwa na fundi wake na mawazo yake, huyu alikata katalitiki ya kusafisha moshi, yule akaongeza busti, yaani presha ya hewa ya turbo, kwa kile kikoki cha kuzungusha kwa mkono, mwingine akatoa injini akaweka ya Forester na hakuandika popote. Muuzaji yeye atakuambia "bosi, hii haijaguswa, iko vile ilitoka Japan." Usibishane naye, pima.

Pima presha ya kila silinda, injini ikiwa ya moto na plagi zote zimetolewa. Fundi atalalamika kwamba plagi za Subaru ziko pembeni huko mkono hauingii, mwache alalamike lakini zitoke. Usiangalie sana namba yenyewe, angalia tofauti, silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi uliza kwa nini kabla hujatoa shilingi. Silinda ya nne ndio ina jina baya kwa hizi injini, na huko ndio mara nyingi unakuta pistoni imemeguka pale ringi zinapokaa. Alafu wapulize moshi kwenye njia ya hewa, kuanzia kwenye filta mpaka kwenye injini, waone unatokea wapi. Hozi za mpira zenye miaka 20 zinapasuka upande wa chini ambako jicho halifiki, hewa inatoroka, turbo inazunguka zaidi ili ijaze pengo, na wewe unadhani turbo imechoka kumbe ni mpira tu.

Mkanda wa taimingi, kama hakuna karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Kiwanda kinasema kilomita 100,000 hivi, na kwa hizi injini mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni, hakuna cha kusukuma gari pembeni ukafunga mwingine ukaondoka. Badilisha pamoja na tenshona, zile rola zake zote na wota pampu, kwa sababu rola ya zamani ikikwama inaua mkanda mpya vile vile. Hiyo kazi haiongezi hata farasi mmoja na hakuna mtu atakusifia kwa ajili yake, lakini kama hujaifanya usiniulize maswali ya kutyuni, yaani kupanga upya kompyuta ili nguvu iongezeke.

Oili, hapa ndio wengi wanafia

Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja unapigwa na moshi wa nyuzi mia nane tisa, na kitu pekee kinachozuia chuma kugusa chuma pale katikati ni utando mwembamba wa oili. Oili hiyo hiyo ndio inalinda beringi za krenki, na beringi za EJ ni nyembamba, hazina msamaha. Kwa hivyo kabla ya kufikiria busti fikiria oili.

Weka sintetiki kamili, uzito wa 5W-40 kwa joto letu na kwa injini iliyotembea ni chaguo zuri, na ubadilishe kila kilomita 5,000 ama chini ya hapo. Najua kuna watu watakuambia sintetiki inafika 10,000, labda kwa mtu anayekaa kwenye barabara iliyofunguka, lakini wewe ukitoka Ntinda mpaka mjini saa mbili asubuhi injini inaunguruma saa nzima na kilomita zimesogea chache tu. Masaa ya jamu hayaandikwi kwenye dashibodi ila oili inayahesabu. Mimi ningesema kama unakaa mjini tu, badilisha kwa miezi, kila miezi mitatu minne, uachane na kilomita.

Nunua mahali ambapo unaweza kurudi na risiti. Oili feki zimejaa, chupa inafanana kabisa na ya kweli mpaka stika, na ile bei nzuri unayoambiwa kwenye soko la vipuri la Kisekka na kijana aliyekufuata kuanzia barabarani sio bei nzuri. Ukimaliza kumwaga toboa chupa, kwa sababu chupa tupu safi zina wanunuzi wake na unajua zinaenda kujazwa nini.

Angalia kijiti cha oili kila unapojaza tenki, sio kila mwezi, kila tenki. EJ za turbo zinakula oili kidogo na hiyo peke yake sio ugonjwa, ugonjwa ni wewe kutojua, unafika kona ile ya kuzunguka kwa kasi ukiwa umepungukiwa lita nzima, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inavuta hewa, na beringi inaondoka kwa sekunde chache. Ukishafungua sampu kwa sababu yoyote ile angalia na ule mrija unaofyonza oili huko chini, ya kiwandani inajulikana kupasuka kwenye kiungo, na ufa wenyewe ni mdogo unaweza kuupita bila kuuona.

Kitu kingine ambacho mafundi wengi hawakigusi, kwenye injini nyingi za kuanzia kizazi kile cha 2000 na kitu, kuna kichujio kidogo sana ndani ya boliti ya mrija unaopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba turbo inakufa kwa kiu. Wewe unanunua turbo nyingine, inakufa tena, unasema za Kisekka ni takataka, na kumbe shida ilikuwa kichujio cha ukubwa wa ncha ya kidole. Ukibadilisha turbo safisha huo mrija wote, badilisha oili na filta, na baada ya kilomita mia kadhaa badilisha oili tena, maana turbo iliyokufa imeacha vumbi la chuma ndani.

Asubuhi washa uondoke polepole, usiikanyage mpaka oili ipate joto. Mshale wa maji unapanda haraka, oili inachelewa nyuma yake, kwa hivyo mshale kufika katikati sio ruhusa, ongeza dakika tano kumi juu yake. Jioni ukikaribia nyumbani tembea taratibu zile kilomita mbili za mwisho, inatosha, hakuna haja ya kukaa getini unaungurumisha huku majirani wanakuangalia, na turbo za Subaru zina maji yanayozunguka yenyewe kwa joto hata ukizima. Kama ulikuwa unaipiga mlimani mpaka dakika ya mwisho hapo ndio subiri kidogo.

Petroli

Hizi gari za Japan, hasa STI ambayo ndio Impreza kali zaidi, zilipangwa kwa petroli yao ya juu ambayo stesheni nyingi kule inauzwa ni ya oktani 100. Ya kwetu haifiki hapo. Oktani sio nguvu, oktani ni uvumilivu, ni jinsi petroli inavyokataa kulipuka yenyewe kabla plagi haijaiambia. Turbo ikisukuma hewa nyingi ndani na joto likiwa juu, petroli dhaifu inalipuka kwa fujo wakati pistoni bado inapanda, hiyo ndio inamega pale kwenye ringi, na mara nyingi husikii kitu kwa sababu sailensa inapiga kelele na redio iko juu.

Kompyuta ya gari inajitahidi, ina sikio lake kwenye injini, ikisikia mgongano wa huo mlipuko inarudisha taimingi ya plagi nyuma na nguvu inapungua. Ndio maana gari ile ile siku nyingine inahisi nzito. Sio mapepo, ni petroli.

Chagua stesheni moja ama mbili zenye wateja wengi, ambako tenki haikai, na uweke ile ya juu kila siku, sio siku ya safari tu. Serikali ina mpango wa kutia alama mafuta ili kukamata yaliyochanganywa na mafuta ya taa, lakini huo mpango hauwezi kukulinda na chupa za kando ya barabara zinazouziwa boda, hizo usizisogelee hata kama mshale umelala. Na mshale usiulaze, pampu ya petroli iko ndani ya tenki na petroli ndio inaipoza, ukizoea kutembea na taa imewaka unaichosha, na pampu iliyochoka inapunguza petroli wakati ule ule busti iko juu, yaani injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo, na hapo pistoni inayeyuka.

Ukijikuta mahali kuna ile ya kawaida tu, weka, lakini badilisha mguu. Usikanyage sana gia ya tano kwenye mzunguko wa 2,000 ukipanda mlima, hapo ndio silinda inapata mateso makubwa, shuka gia moja ama mbili injini izunguke kwa wepesi. Watu wanadhani kuzungusha injini ndio kuiua, kwa turbo kuilazimisha chini ni mbaya zaidi.

Mwinuko na joto

Kampala iko mita kama 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ina presha kama asilimia 88 ya ile ya Mombasa, ukienda Kabale inashuka tena. Gari isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiwango hicho hicho karibu, ya turbo inajazia, ndio maana Forester inaiacha gari yenye injini kubwa kupanda kwenda Mubende na watu wanashangaa.

Lakini kuna deni. Tuseme busti ni bar 1 juu ya hewa ya kawaida. Mombasa turbo inageuza bar 1 kuwa 2, ni mara mbili. Kampala inaanza na 0.88 inafika 1.88, ni mara 2.14. Sasa ukitaka nguvu kamili ya Mombasa, yaani ufike bar 2 zote ukiwa hapa, turbo lazima ikaze mara 2.27. Kila inapokaza zaidi inazunguka zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi, na hewa ya moto inarudisha ile shida ya petroli kulipuka ovyo. Kwa hivyo mtu akikuletea mapu ya kompyuta, yaani mipangilio yake, kutoka kwa gari ya pwani ama ya Dubai anakuambia ni ile ile, sio ile ile.

Mwinuko unagusa na maji. Hapa maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 96, sio 100. Kinachokuokoa ni kulanti pamoja na kifuniko cha rejeta kinachoshika presha, kile kifuniko cha bei ya soda ambacho hakuna mtu anabadilisha. Kikilegea, kwenye jamu ya Jinja Road saa nane mchana gari inachemsha na wewe unaanza kufikiria gasketi ya hedi. Badilisha kifuniko na thamostati ya kweli, weka kulanti halisi sio maji ya bomba yenye rangi, hakikisha feni zote mbili zinawaka, na fundi akijaza maji atoe hewa vizuri kwa sababu injini iliyolala inaficha mapovu. Hapo umemaliza sehemu kubwa ya hadithi za "Subaru inachemsha".

Intakula ya Subaru, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, inakaa juu ya injini chini ya ule mdomo wa boneti, na kwenye jamu hakuna upepo, inapikwa pale pale. Ukitoka kwenye jamu ukaona barabara imefunguka usiikanyage hapo hapo, iache ipumue dakika chache, hiyo ni bure. Wengine wanahamisha intakula kuweka kubwa mbele ya rejeta, inasaidia kwa nguvu kubwa, ila kwa gari ya kila siku unaongeza mapaipu marefu na viungio vya kuvuja, na unaiweka mahali ambapo boda akikugonga jamuni anakugongea intakula. Mimi ningeiacha juu, nisafishe mapezi yake na nibadilishe ile sponji inayoziba kati yake na boneti.

Vumbi nalo. Zile filta za koni zilizo wazi zinatoa sauti tamu, lakini vumbi letu jekundu likipita linalamba mapanga ya turbo na ringi, na inavuta hewa ya moto ya chini ya boneti juu yake. Boksi la kiwanda na filta ya karatasi, ubadilishe mara kwa mara, inatosha mpaka nguvu nyingi sana. Na ukienda kuosha, mwambie kijana mapema asipige injini na ile mashine ya presha.

Sasa nguvu

Kama umefika hapa na gari iko na afya, tunaweza kuongea. Kitu cha kwanza cha kununua sio turbo wala ekzosi, ni macho. Geji ya presha ya oili, geji ya busti, ya joto la oili kama pesa inaruhusu, na kebo ya OBD na laptopu ama simu ya kusoma kompyuta inasema nini kuhusu mgongano. Taa ya oili ya kiwanda inawaka wakati mambo yameshaharibika, geji inakuambia wiki kadhaa mapema kwamba presha ikiwa ya moto imeanza kushuka.

Alafu plagi mpya za kweli, na ukiongeza busti chukua zenye baridi hatua moja kuliko za kiwanda. Pampu ya petroli mpya. Soleinoidi ya busti na mipira yake midogo. Daunipaipu, yaani paipu la ekzosi linalotoka kwenye turbo, ikiwa nzuri inaruhusu moshi utoke na turbo iamke mapema, ila kumbuka ukifunga hiyo peke yake bila kutyuni busti inaweza kupanda yenyewe kupita ulipotaka, kwa hivyo vinaenda pamoja siku moja.

Kutyuni kwenyewe, hapa uwe mkali. Mtu anayekutumia faili kwa WhatsApp hajawahi kuona gari yako wala petroli yako, kataa, hata kama ni binamu ya rafiki yako. Mtu mzuri ataanza kwa kukataa kazi mpaka apime injini, ataweka sensa ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye ekzosi, ataendesha na laptopu akisoma, ataongeza kidogo asome tena. Muulize maswali matatu: mchanganyiko kwenye busti kamili utakuwa ngapi, ukisikia kitu karibu na 11 kwa 1 anajua, 14.7 ni ya kutembea taratibu sio ya kukanyaga. Muulize atatumia petroli gani, jibu liwe ile unayoweka wewe kila siku. Na muulize toki kubwa, yaani ile nguvu ya kuzungusha krenki, itafika mzunguko gani.

Hilo la tatu ndio siri ya gari ya kila siku. Watu wanapigia kelele farasi, farasi wa juu kule kwenye mzunguko wa 6,500 hawaui injini haraka. Kinachovunja konrodi, pistoni na giaboksi ni toki kubwa inayokuja ghafla chini, kwenye 2,500 ama 3,000. Mwambie mtyunaji busti iingie pole pole, ifike kilele kwenye 3,500 mpaka 4,000, alafu ipungue kidogo ikienda juu. Karatasi ya daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari, haitapendeza sana na rafiki zako watasema gari imelegea chini, sawa, waambie waje waisukume yao.

Kiasi gani? Kwa EJ20 yenye afya na pistoni za kiwanda, petroli yetu na jamu yetu, mimi ningesimama kwenye asilimia 10 mpaka 15 juu ya toki ya kiwanda na nisiendelee. Hiyo inatosha sana, STI za Japan zilikuwa zinatangazwa farasi 280 kutoka kiwandani na hujazitumia zote Kampala. Ukitaka zaidi hapo ni kufungua injini, pistoni za kufuliwa, pampu kubwa, klachi, na kama uko na giaboksi ya gia tano ile inajulikana meno ya gia ya tatu hayapendi kurushwa, utaishia kutafuta ya gia sita. Hilo sio jambo baya, ila sasa unahitaji gari ya pili ya kwendea kazini.

Vya kuacha kabisa: ile milio ya risasi kwenye ekzosi ukiachia mguu, ni petroli inawaka kwenye ekzosi inapiga turbo na valvu, unalipa turbo kwa sababu ya sauti. Valvu inayotema hewa nje ikilia pshhh, kwa Subaru kompyuta imeshaihesabu hiyo hewa, ukiitema nje petroli inabaki nyingi kwa muda na plagi zinachafuka, acha ile ya kiwanda inayorudisha ndani. Na kile kikoki cha mkono cha busti, kama ulikikuta kwenye gari kitoe leo.

Breki na chini, kwa kifupi tu: mafuta ya breki DOT 4 mapya kila miaka miwili, pedi nzuri, matairi manne yanayofanana kabisa kwa sababu AWD, yaani gari inayovuta kwa magurudumu yote manne, ikikuta matairi ya ukubwa tofauti inaichosha difu ya katikati. Usishushe gari. Na mashimo yetu na matuta ambayo hayana rangi, shokapu za urefu wa kiwanda na rimu za inchi 17 zenye tairi nene kidogo ndio zinakufikisha, hizo za 18 na 19 utazikunja Northern Bypass usiku. Chini weka bamba la kukinga sampu. Na Expressway ya Entebbe kibao kinasema 100, ile shilingi 5,000 unalipa haijumuishi mashindano.

Siku ya safari ndefu, beba lita ya oili ile ile uliyoweka na kulanti kidogo, na ukisimama Lukaya kununua kuku, fungua boneti baada ya injini kutulia uangalie kijiti. Na ikitokea taa ya oili imepepesa hata mara moja, ama umesikia kugonga kunakofuata mzunguko wa injini, zima pale pale. Usiseme "garaji iko karibu, nitasogea tu", weka hazadi, shuka, ita gari ya kuvuta. Injini iliyozimwa mapema inaweza kutaka beringi tu na kusafishwa krenki, iliyosogezwa mpaka garaji inataka injini nyingine, na ukienda kuitafuta hiyo ya mitumba kutoka Japan sharti lako liwe moja, wafungue sampu uone ndani kabla hujalipa.